Miksa Mbili Nyuma ya Khanga

Miaka thelathini na mbili mimi ndiye niliyepiga muziki kwenye shughuli za wanawake, kuanzia huku kwetu juu upande wa Shume mpaka vijiji vya bondeni. Sikuwa mwimbaji. Nilikaa kwenye miksa nikauongoza muziki: sauti hii ipande, ile ishuke, kipaza sauti kisipige kelele. Shughuli ya ndani haiingiwi na mwanaume. Maturubai yanazungushwa pande zote, wanawake wanavua mabaibui, wanacheza wanavyotaka, na mwali anatolewa amefunikwa khanga. Dijei wa kiume ataingilia wapi? Kwa hiyo nikawa naingia mimi, na ndiyo maana hata watoto wa huku wananiita Bi Miksa. Jina langu ni Mwanaisha.

Nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Kusoma kwangu kwingine nimekupata kwa vidole.

Miksa ilikuwa ya mume wangu, Ibrahimu. Nilimkuta Bulwa, kule kwenye mashamba ya chai. Mimi nilikuwa mchumaji, yeye fundi wa mitambo kiwandani, na siku za mapumziko aliwapigia wafanyakazi muziki wa santuri na kanda. Hiyo miksa aliinunua Tanga kwa mwenye klabu aliyekuwa anafunga biashara. Ni pana kama sinia la pilau, nzito, ya chuma tupu, na kila njia ya sauti ina vifungo vyake vya kuzungusha na kimoja cha kusukuma. Kifungo cha nne kilivunjika zamani, Ibrahimu akakichongea kingine kwa mti wa mwerezi. Mpaka leo nikipitisha mkono gizani nakijua kwa ule mti.

Tuliporudi kwetu Shume, wanawake walimwomba muziki kwenye harusi ya dada yake. Akasema, "Mimi siingii humo, ila mke wangu nitamfundisha." Akanifundisha. Alikuwa akinifumba macho kwa kilemba chake, ananiambia, "Punguza besi ya kipaza cha pili." Nikikosea, ananipiga kikofi kidogo mkononi. Nikipatia, hasemi kitu. Ibrahimu hakuwa mtu wa kusifu.

Ila huku kwetu ukungu si mchezo. Bulwa kulikuwa na mvua lakini kuna joto. Shume ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati. Mwezi wa kwanza tu miksa ikaanza kukwaruza. Ukizungusha kifungo inatoa mlio kama mtu anatafuna mchanga. Ibrahimu akasema ni unyevu. Mimi nikaanza kuikausha. Kila shughuli, asubuhi yake, nawasha jiko la mkaa, nasimamisha miksa hatua moja kutoka motoni, ubavu uleule ukielekea moto siku zote, naifunika blanketi kwa nyuma ili joto lisitoroke. Saa nzima, wakati mwingine mbili. Ikitoka hapo haikwaruzi. Ibrahimu alipofariki niliendelea hivyohivyo, mwaka baada ya mwaka. Sijawahi kuikosesha jiko lake hata siku moja.

Sasa nieleze la mwaka huu.

Alikuja Latifa, binti wa marehemu kaka yangu. Anamwoza mwanawe, Nasra. Nilikuwa nachambua maharage barazani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa ukingoni, kama mtu anayetaka kuondoka. Akasifu maharage. Akauliza mguu wangu. Nikajua kuna jambo.

"Sema, Latifa. Maharage hayana masikio."

"Ni shughuli ya Nasra, shangazi, Jumamosi ijayo. Tumekaa kwenye kamati tukaona, safari hii wewe uje ukae, upumzike. Ule, utunzwe kama bibi wa mwali."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Siyo kuchoka..."

"Nimechoka, ndiyo. Goti limechoka na mgongo umechoka. Lakini sijakuomba mkeka. Nani anapiga?"

Akaangalia miguu yake. "Fanueli."

Fanueli namjua kwa jina. Ni Mlutheri wa Lushoto mjini, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, anapigia kwaya na harusi za Kikristo. Watu wanamsifu.

"Mwanaume huyo, Latifa. Mnamwingiza ndani ya turubai?"

"Haingii. Atakaa nje, kwenye gari lake. Miksa yake ni ya dijitali, inakaa ndani peke yake, yeye anaiendesha kwa kishikwambi."

"Kishikwambi kile cha sensa?"

"Kama kile. Haina hata waya." Halafu akaona aongeze, na hapo ndipo aliponichoma. "Na sauti yake ni safi zaidi, shangazi. Wanasema yako ni analojia. Si unakumbuka televisheni zilivyozimwa, tukaambiwa tununue ving'amuzi? Ndiyo hivyohivyo."

Nikaweka ungo chini. Nilimzika mume. Shamba la viazi nimewaachia watoto wa kaka yangu walime, kwa sababu siwezi tena kupanda ule mteremko. Kuona naona nusu. Kilichobaki kwangu ni kwamba shughuli haianzi mpaka nimefika mimi nikaweka mkono. Ndicho hicho alikuwa anakichukua, ameketi ukingoni mwa baraza langu.

"Sauti yake ni safi zaidi, nani kasikia?" nikamwuliza. "Wewe umezisikia zote mbili kwa pamoja?"

"Hapana, lakini..."

"Basi mlete. Alhamisi mchana, uani kwako. Alete na miksa yake. Spika ziwe zilezile, wimbo uwe uleule, nanyi mkae mmegeuza migongo. Nitakuwepo na mimi, nimegeuza mgongo. Yake ikisikika nzuri kuliko yangu, Jumamosi nakaa mkekani kama mgeni na sigusi miksa tena maisha yangu. Yangu ikishinda, yeye arudishe gari lake kanisani."

"Shangazi, siyo lazima tufike huko."

"Tumeshafika."

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, mti wa peasi wa uani ulikuwa hauonekani. Nikawasha jiko. Nikaikausha masaa mawili kamili, na nikaisogeza ipate vizuri. Mwajuma akaja kunisindikiza. Huyu ni rika langu, tulichezwa ngoma pamoja, na ndiye kungwi wa wasichana wote wa ukoo wetu, Nasra akiwemo. Mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Unaipasha moto kama kiporo," akasema. "Ungeitia na chumvi."

"Beba waya, acha maneno."

"Nabeba. Mwenzangu ukishindwa leo, utaningoja nikucheke hapahapa au nikuchekee njiani?"

"Sishindwi."

"Nimeuliza tu nijue wapi pa kusimama."

Tulifika uani kwa Latifa baada ya adhuhuri. Fanueli alikuwa ameshafika, ameweka meza, na mbele ya meza ametundika khanga mbili kwenye kamba ili asiyekuwa nyuma yake asione kitu. Akaja mbio kunipokea mzigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Iweke taratibu, ina moto."

"Ina moto?" Akaigusa, akashangaa, lakini hakuuliza.

Nikaiangalia yake. Nyembamba, nyepesi, taa tupu. Vitelezi vinane vya kusukuma, basi.

"Hivi vinane ndivyo vinapiga shughuli nzima?"

"Ndivyo, mama. Ukibonyeza hapa, vinakuwa vya vipaza vingine. Ukibonyeza tena, vinakuwa vya muziki."

"Kwa hiyo ukiweka kidole hujui umeshika nini."

"Unaangalia kwenye kioo."

"Mimi siangalii. Mimi nashika."

Akacheka kwa adabu. Na nikiri jambo, kazi yake aliifanya kwa haki. Nilikuwa nimekuja nikitegemea ujanja. Ujanja wa kwanza wa watu wa muziki ninaujua, Ibrahimu alinionya juu yake: ukitaka watu waseme mashine yako ni nzuri, ipandishe kidogo tu kuliko ya mwenzako. Sikio linapenda kilicho juu, na halijui kwamba limependa kwa sababu hiyo. Nikamwambia Fanueli, "Sauti ziwe sawa."

"Nilitaka kusema hilohilo, mama." Akachukua simu yake, akaiweka juu ya kiti tulipokuwa tutakaa. Ilikuwa inapima nguvu ya sauti kwa namba. Akapiga wimbo kwenye yake, akasoma. Akapiga kwenye yangu, akashusha kidogo, akapandisha, mpaka namba zikasoma sawa. "Na sijaongeza besi wala trebo popote. Vyote viko katikati, kwako na kwangu."

Mwajuma tukamweka nyuma ya khanga awe shahidi. Yeye alikuwa anaona miksa gani inapigwa. Sisi wengine, mimi na Latifa na wanawake watatu wa kamati, tukakaa tumegeukia bonde. Kila mmoja akapewa kisahani na punje za maharage, nyekundu na nyeupe. Wimbo ungepigwa mara sita, kila mara kipande kilekile cha mwanzo. Ukiipenda sauti unaweka nyekundu, usipoipenda unaweka nyeupe, unapanga kutoka kushoto. Mwajuma naye kule nyuma akapanga zake: nyekundu ikiwa imepigwa yangu, nyeupe ikiwa ya Fanueli. Hakuna aliyehitaji kalamu.

"Tayari?" Fanueli akauliza.

"Piga," nikasema.

Ilikuwa taarabu, iliyotoka kwenye flashi. Mara ya kwanza ikaanza, nikafumba macho, na nikaijua papo hapo. Besi ilikuwa imekaa chini, imetulia, haina haraka, na juu yake sauti ya mwimbaji ilikuwa na mwili. Hiyo ndiyo sauti niliyofundishwa nayo nikiwa nimefungwa kilemba machoni. Nikaweka nyekundu. Nilikaribia kulia, nasema kweli, kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa sijapata nafasi ya kuisikiliza miksa yangu nikiwa nimekaa mbele yake. Siku zote nakuwa nyuma yake.

Mara ya pili ikapigwa nyingine. Nyembamba. Besi ipo lakini mbali, kama inapigwa nyumba ya jirani, na chini ya wimbo kuna mvumo unanong'ona. Nikasema moyoni, haya ndiyo hayo ya dijitali. Nyeupe. Ya tatu, hiyohiyo nyembamba, nyeupe. Ya nne ikarudi ile nzito, nyekundu. Ya tano nyeupe. Ya sita nyekundu.

Wenzangu walikuwa wanahangaika. Namsikia Latifa ananong'ona, "Mbona mimi naona zote sawa?" Mmoja wa kamati akasema weka yoyote, tumalize, chai inapoa. Mimi sikuhangaika hata kidogo. Nilikaa wima na kisahani changu mapajani.

"Tumemaliza," Fanueli akasema.

Mwajuma akatoka nyuma ya khanga na kisahani chake. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu msiba wa Ibrahimu. Akapita kwa Latifa, punje zimechanganyika. Akapita kwa wale watatu, zimechanganyika, hakuna mpango. Akafika kwangu, akaweka kisahani chake kando ya changu, akanyamaza. Mwajuma, akanyamaza.

Changu: nyekundu, nyeupe, nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu.

Chake: nyeupe, nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe.

Nikazipitishia kidole zile punje, moja moja. Latifa akasogea. "Maana yake nini? Shangazi amekosa zote?"

"Hajakosa," Fanueli akasema. Alikuwa ameinama juu ya visahani viwili. "Watu watano mmesikiliza. Ni mama peke yake aliyesikia tofauti, na amesikia mara zote sita bila kuyumba. Ila..."

"Ila niliyoipenda ni yako," nikamalizia mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aniseme.

Ukungu ulikuwa umeanza kurudi uani.

"Haiwezekani," nikasema. "Naijua sauti ya miksa yangu. Ifungue."

"Mama, siyo lazima."

"Nimesema ifungue. Una bisibisi au huna?"

Akaifungua pale mezani. Tangu Ibrahimu afariki, lilikuwa halijafunguliwa lile bati. Ndani kulikuwa na vumbi na harufu ya moshi. Fanueli akawasha taa ya simu, akanionyesha vidude vidogo vya mviringo kama vipipa, vimesimama kwa safu. Akaviita kapasita. Akasema ndani yake kuna majimaji, na hayo ndiyo yanayopitisha besi. Yakikauka, besi inapungua na mvumo unaingia.

"Hivi vya upande wa kulia viko hai bado," akasema. "Tazama hivi vya kushoto." Vilikuwa vimevimba juu, vingine vimepasuka, na pembeni pake kuna doa la kahawia. "Vya upande mmoja tu. Ajabu. Huu upande wa kushoto ulikuwa unaelekea wapi, mama?"

Nilielewa kabla hajamaliza.

"Motoni," nikasema.

"Motoni?"

"Niliikausha. Kila shughuli."

Akazima taa ya simu. "Miaka mingapi?"

"We hesabu."

Hakuhesabu. Akasema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichosha zaidi, "Mkwaruzo wa ukungu ulikuwa unaondoka kweli, mama. Hukukosea hapo. Ila joto lilikuwa linakausha na hivi. Ni kidogo kidogo sana. Mtu aliye nayo kila siku hawezi kusikia."

Kwa hiyo pale nilipofumba macho, miksa yangu niliitambua kweli. Nilitambua ile aliyoniachia Ibrahimu, ilivyokuwa. Sauti hiyo ilikuwa inatoka kwenye mashine ya mtu mwingine, na yangu yenyewe nikaiwekea punje nyeupe.

"Vinabadilishwa," Fanueli akasema. "Ishirini hivi. Nikiviweka vipya, tukirudia haya maharage, hata wewe hutajua ipi ni ipi. Watu wanabishana sana, analojia, dijitali. Mashine zote mbili zikiwa nzima, tofauti ni ndogo mno. Na huu wimbo wenyewe umebanwa, sehemu ya sauti ikatupwa, ili uingie kwenye flashi. Kilichotupwa hakirudishwi na miksa yoyote."

"Lakini leo yangu si nzima."

"Leo siyo."

"Basi. Jumamosi nakaa mkekani."

Latifa akaanza kusema kitu, shangazi, sisi hatukuwa... Nikamwinulia mkono. Fanueli akaniambia, "Mama, mimi nje sitaona kitu. Ukae ndani na kishikwambi, nikuonyeshe kidogo tu, vitu vitatu."

"Nimetoa neno langu mbele ya watu. Sigusi."

Tulirudi na Mwajuma, miksa kichwani kwangu. Nilikataa kusaidiwa. Njia ya kupanda kwetu siyo ndefu lakini nilipumzika mara tatu, na mara zote tatu Mwajuma hakutania. Ya tatu akasema, "Ningeweza kuzigeuza zile punje, unajua. Hakuna aliyekuwa anaona, na yule Mlutheri alikuwa anashughulika na waya."

"Kwa nini hukugeuza?"

"Ungenijua."

"Ningekujua," nikasema.

Jumamosi nikavaa vizuri. Nikakaribishwa, nikawekewa mkeka katikati pamoja na wazee wenzangu, na mto wa kuegemea. Miksa ya Fanueli ilikuwa kwenye kona, taa zake zinawaka peke yake, hakuna mtu. Yeye alikuwa nje, ameegesha gari nyuma ya turubai. Muziki ulikuwa mzuri. Siwezi kusema uongo kwa ajili ya hasira. Ulikuwa mzuri, na mimi nilikuwa nimekaa na mikono yangu mapajani haina kazi. Watu wananijia, "Bi Miksa, leo umepumzika!" Nasema ndiyo. Wanaweka sahani mbele yangu. Nakula.

Halafu ikafika kumtoa Nasra.

Kwetu mwali hatolewi na muziki wa spika. Anapotokea mlangoni amefunikwa khanga, kungwi anainua mkono, na muziki unashuka taratibu mpaka unabaki kama pumzi, ili wanawake waimbe kwa midomo yao wenyewe. Anatembea hatua saba. Akifika, kungwi anafunua khanga, mkono unashuka, na hapo muziki unapanda wote. Yote yanategemea mkono wa kungwi. Hakuna saa wala namba.

Mwajuma akainua mkono. Muziki ukaendelea vilevile, juu.

Akauinua zaidi. Nasra ndani ya khanga akasimama, mguu mmoja mbele. Latifa akakimbia nje ya turubai, tukamsikia anapiga kelele, "Shusha, shusha!" Muziki ukakatika kabisa, pu. Kimya. Wanawake wakaanza kuimba, wengine juu wengine chini, maana hawana pa kushika. Nasra akapiga hatua mbili. Fanueli nje akadhani tumemaliza, akaurudisha wote kwa nguvu. Mtoto akaruka. Khanga ikataka kuanguka.

Nasra akarudishwa mlangoni. Uwanja mzima ukageuka kuniangalia. Mwajuma bado mkono uko juu, na macho yake yako kwangu.

Nilikuwa nimetoa neno. Sikuinuka kwenda kwenye ile kona. Niliinuka kwa sababu ya mkeka: nikawaomba wazee wenzangu wahame, nikaukamata kwa pembe, nikauburuta mpaka kwenye turubai, pale ambapo kwa nje lilikuwa gari. Nikaketi, nimeligeuzia turubai mgongo, namwangalia Mwajuma.

"Fanueli," nikaita kwa kisogo.

"Naam, mama!" Sauti yake ilikuwa karibu kabisa, kama iko begani kwangu. Ilikuwa imejaa hofu.

"Kaa hapo. Fanya ninachokwambia, usifanye kingine. Piga mwanzo."

Akapiga. Mwajuma akainua mkono.

"Shusha. Polepole. Bado. Bado... bado kidogo. Acha hapo. Usiondoe kabisa, wanawake wanataka pa kuegemea."

Wakaimba. Wakaimba vizuri. Nasra akatembea, nami nahesabu miguu yake. Moja, mbili.

"Besi punguza, inawameza."

"Nimepunguza."

"Ongeza kidogo, umezidisha. Hapo. Usicheze."

Tano. Sita. "Weka kidole tayari." Saba. Mwajuma akakamata khanga. "Ngoja. Ngoja, nimesema. Sasa. Yote!"

Muziki ukapanda, khanga ikafunuka, vigelegele vikapigwa mpaka nadhani hata kijiji cha Lukozi walisikia. Latifa alikuwa analia. Mgongoni mwangu turubai lilikuwa linatetemeka kwa ile besi, nzito, imekaa chini, kama zamani.

Nilibaki pale mpaka alasiri. Kipaza cha waimbaji kikipiga filimbi, namwambia. Anayekuja kumtunza mwali pesa akisogea, namwambia. Alikuwa mtiifu, mpaka nikamhurumia nikampelekea pilau kwa chini ya turubai.

Watu walipoanza kutawanyika, Latifa akaja kunisaidia kuinuka. Goti lilikuwa limekufa ganzi.

"Shangazi," akasema, "ulisema hutagusa miksa."

"Nimegusa?"

"Ulisema utakaa mkekani kama mgeni."

"Nilikuwa nimekaa wapi?"

Mwajuma akacheka mpaka akashika nguzo. Nilijua tu kitarudi, kile kicheko.

Wameshatuita kwenye shughuli nyingine mbili, mimi na Fanueli, yeye nje na mimi ndani. Nimekubali moja. Ya pili ni mbali, sitaweza. Miksa iko mezani kwangu, bati lake bado halijafungwa vizuri. Fanueli anataka kuichukua mjini akaiwekee vidude vipya. Nimemwambia aje avibadilishie hapa, nikiwa naona. Anasema atakuja viazi vikishavunwa. Asipokuja, basi.

Jana ukungu ulishuka tena mpaka mlangoni. Niliwasha jiko, nikaenda nikainyanyua miksa kwa mazoea, nikafika nayo hatua moja kutoka motoni. Nikasimama. Nikairudisha mezani, nikaifunika blanketi lake, nikabandika chai.